Taaka Alivyoisogeza Nyumba ya Ochwo

Kama umewahi kuvuka mpaka wa Busia kwa miguu, ukaingia upande wa Uganda na karatasi zako umezibana kwapani, huenda umepita mbele ya mlango wetu. Nasema wetu kwa sababu chumba ni kimoja na sisi ni wawili. Mimi Ajambo nauza madaftari, kalamu, bahasha na gundi upande wa kushoto. Upande wa kulia anakaa Taaka na kompyuta yake, anawachapia watu barua, ratiba za mazishi, kadi za harusi, katiba za vikundi na malalamiko ya mashamba. Mimi nilizaliwa Busia ya Kenya nikaolewa ng'ambo hii, na haipiti siku bila Taaka kuniambia kwamba Kiswahili changu ni cha kujidai. Namjibu afadhali cha kujidai kuliko chake kisicho na mfupa.

Tumekaa hivyo miaka tisa, na miaka yote hiyo nimeishi na mlio mmoja. Ta ta ta ta ta. Mara tano. Hicho ni kidole gumba cha Taaka kikigonga spesi kila anapoanza aya mpya. Alifundishwa kuchapa kule Tororo, kwa taipureta, na karani mmoja mstaafu wa reli ambaye aliamini vitu viwili tu: Mungu, na nafasi tano mwanzoni mwa aya. Mwanafunzi akigonga nne, rula ilimshukia vidoleni. Taipureta ikafa, karani akafa, kompyuta ikaja, lakini kidole cha Taaka hakikupewa habari. Vichwa vya habari navyo alivisukuma hadi katikati ya ukurasa kwa spesi hizo hizo, akihesabu kwa midomo.

Usidhani namdharau. Taaka ni mfupi, ana sauti kubwa, hapendi mteja anayesimama nyuma yake akisoma kwenye kioo cha kompyuta, na uvivu haujui. Kwa kidole hicho hicho amejenga vyumba viwili nyuma ya soko, vya matofali ya kuchoma, na ukimtembelea atakuonyesha kila tofali. Alilelewa Bulumbi kwa baba yake mdogo, kwa sababu baba mzazi alifariki kabla yeye hajajua kutembea. Alilelewa vizuri, hilo analisema mwenyewe. Alilishwa, alisomeshwa, na alipokosa alichapwa sawa na wenzake. Ila yule baba mdogo alipofariki, ndugu walimletea Taaka orodha ya watoto aiweke kwenye ratiba ya mazishi. Watoto saba, kila mmoja na mstari wake. Chini kabisa, maneno mawili: na wengine. Huko ndiko alikokuwa yeye. Akagonga spesi zake tano, akayachapa, akaprinti nakala mia mbili, akasimama mlangoni pa kanisa kuzigawa. Ningekuwa mimi ningeichana ile orodha mbele yao. Lakini Taaka ana kanuni yake ya kazi, kwamba mchapaji hagusi maneno ya mteja, na siku hiyo aliifuata mpaka nikamkasirikia.

Basi mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, akaingia Mzee Odoi. Ni mtu wa Kisoko, mstaafu wa kiwanda cha saruji cha Tororo, mrefu, anatembea kana kwamba bado anachunga zamu. Alikuwa na madaftari manne aliyoyanunua kwangu mwaka uliotangulia, yamejaa mwandiko. Ameandika historia ya ukoo wao kuanzia babu yao Owor. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukoo mzima ungekutana Kisoko, na kitabu kingesomwa. Kila nyumba ya ukoo ingeitwa kwa jina kama ilivyo kitabuni. Mkubwa wa nyumba hiyo angesimama, angetaja watu wake, angesema neno.

"Mwanangu, hii kitabu nataka ikae kama vitabu ya shule," alimwambia Taaka. "Kila nyumba na kichwa yake na namba yake. Na pale mbele ikuwe na ile orodha ya kuonyesha ukurasa."

Taaka akasema hakuna neno. Neno lilikuwepo. Kila Mzee Odoi alipokumbuka mjukuu aliyesahaulika, alikuja na kikaratasi. Taaka akiongeza mistari miwili tu, kitabu kizima kinateleza. Kichwa cha habari kinabaki peke yake chini ya ukurasa, na aya yake imehamia ukurasa unaofuata.

"Kichwa kiko Uganda, mwili umeshavuka Kenya bila kugonga muhuri," nikamwambia.

Hakucheka. Alikuwa anasahihisha namba za kurasa kwenye orodha ya yaliyomo, moja moja kwa mkono, na kabla hajafika mwisho Mzee Odoi alikuwa mlangoni na mjukuu mwingine.

Aliyemwokoa ni Ilukor, fundi wa printa, mtu mpole wa kabila la Wateso anayetoka Tororo kwa pikipiki yake. Alikuja kutoa karatasi iliyokwama kwenye mashine. Akiwa anafunga skrubu akausikia ule mlio. Akainuka, akaenda kusimama nyuma ya Taaka, mahali ambapo mimi mwenyewe sithubutu kusimama.

"Dada, hapo unapiga nini?"

"Napanga aya."

"Kwa kuipiga hivyo?"

"Wewe tengeneza printa."

Ilukor aliomba kipanya kwa adabu. Akamwonyesha rula iliyoko juu ya ukurasa, ambayo Taaka alikuwa akiiona kila siku akidhani ni pambo. Kwenye rula hiyo kuna vipembetatu viwili, kimoja juu, kimoja chini. Ukikivuta cha juu peke yake, mstari wa kwanza wa aya unaingia ndani na mingine inabaki ukingoni. Ukichagua aya zote ukavuta mara moja, zote zinaingia kwa kipimo kimoja, hata ziwe mia tano. Kisha akamwonyesha ngazi za vichwa. Ngazi ya kwanza ni ya sura. Ngazi ya pili ni ya sehemu iliyo ndani ya sura, na orodhani husogea ndani kidogo ili ionekane ni ya nani. Ukiiambia kompyuta kwamba haya si maneno yaliyonenepeshwa tu, hiki ni kichwa, basi inakitambua popote kilipo na kukipa namba. Kichwa hakiachani tena na aya yake. Na ile orodha ya yaliyomo inajiandika yenyewe.

Taaka alikivuta kipembetatu mwenyewe, akakirudisha. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Miaka kumi na tisa." Akavitazama vidole vyake. "Na yule karani alikuwa ananipiga kweli."

Tulicheka mpaka Ilukor akaangusha bisibisi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na siku hiyo mwenyeji alipona.

Kwa siku tatu zilizofuata Taaka hakushikika. Alizifuta spesi zote za kitabu cha Mzee Odoi. Akavuta kipembetatu, aya zikasimama kwa mstari mmoja. Akavivalisha vichwa ngazi zao, akiimba. Mtu amekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho, mstari wa watu nyuma yake, anakalishwa kwanza aone orodha inavyojiandika. Mimi nilionyeshwa mara nne. Ule mlio ukakoma, na mimi niliyeulaani miaka tisa nikawa nageuka kila dakika kutazama kama yupo.

Jumatano, siku tatu kabla ya mkutano, Mzee Odoi alirudi kuitazama kazi. Hakuja peke yake. Alikuja na Mama Abbo, kikongwe mwembamba mwenye fimbo, mjane wa mtoto wa Ochwo. Huyo Ochwo ndiye kitindamimba wa Owor, na katika nyumba yake hakuna mkubwa aliyebaki ila huyu mama. Kwa hiyo Jumamosi ni yeye ambaye angesimama. Alituambia hayo kabla hata hajakaa. Alisema tangu aolewe ni miaka sitini, na kwenye kila mkutano nyumba ya Ochwo ilisemewa na nyumba ya kaka mkubwa, Ofwono. Haijawahi kuitwa kwa jina lake. Safari hii itaitwa, kwa maana kitabu kimeandikwa. Gomesi, lile gauni la sherehe, ameshashonesha, maneno yake ameshayapanga.

Taaka alimpa karatasi ya yaliyomo kwa furaha zote. Mama Abbo hakusoma sana shuleni, lakini aliichukua, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, akaanza kuteremsha kidole kwenye ukingo wa kushoto. Kidole kilishuka kidogo tu, kikasimama.

"Hii ni nyumba gani, hii inasimama ndani?"

Taaka akachungulia. "Nyumba ya Ochwo, mama."

"Mbona yetu peke yake? Zingine zote zinasimama kwa mlango. Yetu iko ndani ya nyumba ya watu."

Ilikuwa kweli. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya Ofwono. Chini yake, imesogea ndani kwa upana wa kidole na namba ndogo ya kuazima, moja nukta moja, nyumba ya Ochwo. Kisha zikafuata ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, zimenyooka ukingoni. Kwenye nakala za zamani, Taaka aliposukuma kila kitu katikati kwa spesi, vichwa vyote vilifanana na hakuna aliyeona kitu.

Mzee Odoi akavaa miwani, akatazama, akatikisa kichwa polepole. "Lakini mama, hiyo ni kweli. Ochwo mama yake alikufa, yeye bado mdogo. Ofwono ndiye alimlea. Na mimi sikupanga hiyo. Mashine ndiyo imepanga, na mashine haina ukoo, haipendi mtu kushinda mtu. Kama imeona ni ndani, ni ndani. Jumamosi tutaita zile ziko na namba mzima."

"Mtoto analelewa popote," alisema Mama Abbo. "Akioa anajenga yake. Ochwo alijenga. Mimi nimepika kwa hiyo nyumba miaka sitini. Nilikuwa napika kwa nyumba ya nani?"

Mzee Odoi hakuwa na nia ya kugeuka. Alikunja miwani. Mama Abbo akairudisha karatasi mezani taratibu, akaipangusa kwa kiganja kana kwamba ina vumbi.

"Basi Jumamosi mimi sikuji. Nitasimamia nini?"

Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na mengine hayakuwa mazuri. Lakini nilimtazama Taaka nikayameza. Uso ulikuwa umembadilika. Angeweza kunyamaza. Mteja mwenyewe ameridhika, lawama imeshatwishwa mashine, na mashine haijitetei. Kanuni yake ingemfunika vizuri kabisa, kama ilivyomfunika mlangoni pa lile kanisa. Nilimwona akisimama, akalivuta daftari la pili kutoka kwenye rundo, akalifungua mbele ya Mzee Odoi.

"Mzee, mashine haijapanga kitu. Ni mimi."

Akamwonyesha. Kila nyumba nyingine ilianza ukurasa mpya. Habari za Ofwono ziliishia katikati ya ukurasa, na Mzee Odoi, kwa kubana karatasi, alianza habari za Ochwo hapo hapo chini. Lakini kichwa kilikuwa kimepigiwa mistari miwili ya kalamu nyekundu, sawasawa na vingine vyote.

"Mimi niliona haina ukurasa yake, nikasema hii ni kipande ya ile ya juu," alisema Taaka. "Nikaipatia ngazi ya pili. Sikukuuliza. Nilikuwa nafurahia hii kitu mpya nikasahau kuuliza. Makosa ni yangu, mama. Nisamehe."

Mficha uchi hazai, wanasema, na sijawahi kumwona mtu akiufunua wake mbele ya mteja namna ile. Miaka tisa sikuwahi kumsikia Taaka akikiri hata kosa la nukta.

"Lakini sisi husema nyumba tano," alisema Mzee Odoi. "Siku zote ni tano."

Taaka akachukua daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, akasoma kwa ile sauti yake kubwa: "Owor alizaa watoto wa kiume sita, na wote walijenga." Akalisukuma daftari mbele. "Hii ni mwandiko ya nani?"

Mzee Odoi alivaa tena miwani. Alisoma kimya, akarudia. "Hayo nilitoa kwa mdomo ya baba yangu," alisema. "Akiwa kitandani. Alisema hivyo hivyo. Na wote walijenga." Akavua kofia, akaishika. Alipoinua macho hakumtazama Mama Abbo, alinitazama mimi. "Shida ni hii madaftari ya Ajambo. Kurasa zake ni kidogo."

Kurasa tisini na sita. Nilizihesabu mbele yake.

Mama Abbo ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya hapo ikawa kazi tu. Taaka aliketi. Mama Abbo akaja kusimama nyuma yake, uso umekaribia kugusa kioo, na Taaka akamsogezea nafasi. Akaichukua sura ya Ochwo yote, akaipeleka mwisho, mahali pa kitindamimba. Akaweka kishale kwenye kichwa, akabofya ngazi ya kwanza. Akaiambia orodha ijisahihishe. Mstari ukatoka ndani ya nyumba ya Ofwono, ukashuka, ukasimama ukingoni chini ya wenzake. Namba sita.

"Imetoka," alisema Mama Abbo.

"Imetoka, mama."

"Rudisha."

Taaka akageuka. "Nirudishe ndani?"

"Rudisha, halafu toa tena. Nataka kuona vizuri."

Taaka akairudisha, akaitoa. Mama Abbo akaomba mara nyingine. Mara ya tatu alicheka mpaka akashika meza, na Mzee Odoi akacheka kwa kuwa hangeweza kukaa peke yake na uso mkavu.

Jumamosi tulifunga duka, tukaenda. Boda boda ilitutoa Tororo mjini hadi Kisoko, Taaka mbele yangu, amekumbatia nakala ishirini kifuani ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Kulikuwa na mahema mawili, viti vya plastiki na watu wengi kuliko viti. Mzee Odoi alishika kipaza sauti akaita nyumba kwa kufuata kitabu. Ofwono. Ya pili. Ya tatu. Kila mkubwa alisimama akasema neno, na wengine walisema maneno mengi mno. Ya tano alipokaa, Mzee Odoi alikohoa, akafunua karatasi, akasema kwa sauti ya kiwandani, "Nyumba ya sita. Ochwo."

Mama Abbo alisimama na gomesi yake ya kijani na ule ukurasa wa yaliyomo ameukunja mkononi. Alitaja watu arobaini na mmoja bila kusoma popote, hadi mtoto aliyezaliwa juzi. Kisha akasema neno. Alisema kwa Dhopadhola, lugha ya kwao, na mama aliyeketi kando yetu akatugeuzia kwa Kiswahili. "Anasema nyumba ya Ofwono ilimlea Ochwo vizuri, hawajasahau hiyo chakula. Anasema kushukuru ni kushukuru, na kwetu ni kwetu." Vigelegele vilipigwa mpaka hema likatikisika. Nikageuka nimwambie Taaka jambo, nikamkuta analia, machozi yanateremka na hayafuti.

Baada ya chakula Mama Abbo alimwita akae karibu naye.

"Na wewe, mwanangu, nyumba yenu ni ya nani?"

"Mimi nililelewa Bulumbi, mama, kwa baba mdogo..."

"Sijauliza nani alikulea."

Taaka aliinama, akaanza kukusanya sahani. Njiani kurudi aliukumbatia mfuko mtupu kifuani, na mimi, nashangaa mwenyewe, sikumwuliza kitu.

Jumatatu nilimkuta ameshafika. Kompyuta ilikuwa imewaka, na kwenye kioo kulikuwa na ukurasa mmoja tu. Nikaenda kusimama nyuma yake, hakunifukuza. Juu, ukingoni kabisa, kichwa cha ngazi ya kwanza: Nyumba ya Eriya. Eriya ni jina la baba yake mzazi. Chini yake aya moja fupi, mstari wa kwanza umeingia ndani kwa kipimo chake. Eriya wa Bulumbi alizaa mtoto mmoja, Taaka, naye alijenga.

"Kuna makosa?" aliniuliza.

Nilisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza machozi yalinijaa machoni. Nikamwambia kosa ni moja, ameandika Kiswahili cha kujidai. Akaprinti nakala moja, akaikunja, akaitia mkobani, tukafungua mlango wote kwa sababu wateja walishaanza kuja.